Taa ya Uani

Novemba waliniibia matairi manne ya theluji,
mapya, bado yana vinyweleo vya mpira.
Nikateremka Plovdiv na hasira zangu zote,
nikamwambia Plamen: nipe kubwa kuliko zote.
Hakuuliza kitu. Muuzaji haulizi hasira inakwenda wapi.
Akanifungia wati mia nne, weupe wa maziwa,
taa ya kumulika uwanja wa mpira,
na uwanja wangu mimi ni karakana:
jeki mbili, pipa la maji, mbwa asiyebweka.

Usiku ule mtaa ukawa mchana usio na jua.
Theluji iliwaka. Misumari ya paa ilihesabika.
Nililala juu ya karakana, chumba kilekile nilichozaliwa,
pazia nimelivuta na bado naiona mishipa ya mkono wangu,
nikasema: haya, njooni sasa.

Wakaja.
Hawakuhitaji hata tochi.
Walichagua saizi kwa kusoma namba ubavuni,
yaliyochakaa wakaniachia.
Na nyuma ya pipa, pale mwanga ulipokatika,
palikuwa na kivuli cheusi kama lami mbichi,
na ndani ya kivuli vichungi vitatu vya sigara.
Mtu alikaa humo, akavuta kwa raha zake.

Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua pochi.
Niliizima. Nikavuka barabara,
nikasimama kando ya ukuta wa kanisa, baridi ikining'ata masikio,
nikaitazama nyumba yangu kwa jicho la mwizi.
Nataka kuona nini hasa?
Kufuli.
Ngazi ya tatu, ile iliyomvunja mama nyonga.
Uso wa anayekuja, si utosi wake.
Basi. Mlima haujaomba kumulikwa.

Nikarudi kwa Plamen na kikaratasi.
Mbili za wati ishirini, rangi ya siagi,
zenye kofia, zitazame chini kama mtu anayetafuta sindano,
ziamke mtu akikaribia, zilale akishapita,
na mpira wa kuzuia maji uwe mzima,
maana huku Rodopi mvua hunyesha kwa ubavu.
Aliniuzia kwa sauti ndogo. Faida ilikuwa ndogo.

Siku tatu nililala kama gogo.
Ya nne, mzee Radoy akagonga,
jirani wa ng'ambo, themanini na moja, koti juu ya nguo za kulalia.
"Zdravka, taa imekufa?"
Nikamweleza: pembe, kivuli, kihisi, bili.
Akasikiliza kwa adabu, kofia mkononi.
Akasema alikuwa amesogeza meza dirishani.
Wiki tano alichambua maharage kwa mwanga wangu,
akashona vifungo, akasoma barua za mwanawe aliyeko Zaragoza,
zile za zamani, maana mpya hazipo.
Umeme wake aliuwekea redio.
"Sikulaumu," akasema. "Nilitaka kujua tu kama mko salama."

Kumbe niliibiwa mara tatu,
na wizi wa tatu ndio pekee ulioniamkia asubuhi na kunisalimu,
ukaniletea mtungi wa pilipili za kuchoma,
nami nikapokea bila kujua ni malipo.

Leo niko Plovdiv tena. Plamen ananijua kwa jina.
"Ya nyumbani au ya biashara?"
Ameshika mbili, moja kila mkono, kama anayepima vitunguu.
Nafungua mdomo, jibu halipo.
Namuuliza upana wa mwanga, ni digrii ngapi,
kama kutoka ukuta wangu hadi meza ya mtu
ni mita kumi na nne, na barabara katikati,
na usingizi wangu usiguswe.
Anabonyeza kikokotoo chake.
"Na izimike saa ngapi?"
Sijui.
Maharage ya mwaka huu yalikuwa mengi.