Rejista ya Mwalimu Asekenye

Mwaka wa kwanza pale Soroti, aliita majina arobaini
akakwama kwenye moja.
"Apolot?"
Darasa likanyamaza.
Hata kimya kina kwao, alisema,
akadandia baiskeli kwenda kukitafuta.

Leo ana muhuri, ana wafadhili wa maswali marefu,
anawanoa viongozi wa mashirika.
Wao huja na mipango mkakati;
yeye hufungua rejista ileile, jalada limeliwa na mchwa:
"Mezani hapa, nani hayupo?"
Mmoja hukohoa. Mwingine hutazama dirishani, kwenye mwamba.

Ijumaa anastaafu.
Kiti anamwachia mwenye magongo mawili,
afikaye ofisini kabla ya mlinzi,
na ambaye hadi leo, akisikia jina lake, husimama kwanza
ndipo aseme:
"Nipo."