Pazia la Kiruna

Saa sita usiku, jua bado limekaa
kama mgeni asiyejua kuaga.
Gunnel ametandaza vitambaa viwili kitini:
shashi, unaona vidole vyako ng'ambo;
na kile kizito, kisichopitisha hata uvumi.

"Chukua kizito," asema Sixten, buti mlangoni,
vumbi la chuma kwenye kope.
Giza yeye hulifuata mgodini, hulipwa kwa saa;
nyumbani analidai tena, la bure.

Gunnel kimya. Desemba yote
aliishi kwa taa ya mezani.
Apima dirisha. Apima tena.

Alfajiri, ikiwa hii ni alfajiri,
shashi inapumua dirishani
na Sixten anakoroma mwangani,
kafungwa ukanda mweusi
aliokatiwa na mkewe:
upana wa macho mawili.