Kabari

Ngazi ni ishirini na mbili hadi kwa Bi. Chesang,
juu ya duka la mbegu, nyuma ya soko la Wakulima.
Nazihesabu kila Jumatano tangu Machi.
Mara mbili nilifika ya kumi na tisa nikageuka,
nikijiambia nimesahau kulipa deni la sukari.

Chumbani mna viti viwili, karatasi laini,
na saa ya ukutani iliyotolewa betri.
“Ilikuwa inakusumbua,” alisema,
wala sikuwa nimemwambia.
Dirishani, Menengai imejifunika ukungu.
Chini, makuli wanapakua viazi.

“Anza popote.”
Nikaanza na hali ya hewa.
Wiki sita nzima nilikuwa mtabiri wa mvua.

Mwanamume wa kwetu haugui roho, huugua mgongo.
Nimeugua mgongo miaka saba.
Nimepigwa picha, nimekandwa, nimeombewa,
nimechanjwa Webuye kwa wembe mpya.
Hakuna aliyeniuliza kwa nini nalala na viatu.

Nekoye aliuliza. Nikamwambia ni baridi.
Akanifumia soksi za sufu.
Nikazivaa, kisha viatu juu yake.

Jumatano ya tisa kilitoka, kama jino:
kwamba utingo ana kazi moja isiyo na mbadala,
breki zikigoma aruke na kabari,
aisukume chini ya gurudumu;
kwamba tulitoka Molo na viazi vya lumbesa,
na pale mteremkoni Wechuli alisema, “Zimekataa,”
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani;
kwamba niliruka;
kwamba waliniokota majanini, bega limetoka,
kabari ingali mkononi,
safi, haina hata alama ya tairi.

Mazishini walinisifu. “Kijana wa watu alijaribu.”
Nikaila sifa hiyo pamoja na wali.
Mjane alinipa mkono,
mkono uleule.

Sijui, Bi. Chesang.
Niliruka kama utingo
au niliruka kama panya?

Nikangoja aniambie haikuwa kosa langu.
Wote husema hivyo,
kama wanaomtupia mbwa mfupa ili wapite.
Hakusema. Alisogeza kiti, mguu wake ukakwaruza sakafu,
nami tayari nimeng’ang’ania meza kwa mikono miwili.

“Makokha. Uko wapi sasa hivi?
Nitajie vitu vitano unavyoviona.”
Saa iliyokufa. Karatasi. Kidole chako chenye wino.
Mlima. Viatu vyangu.
“Vina kamba za rangi gani?”
Nikavitazama kama vya mgeni aliyebisha hodi.
Moja nyeusi, moja nyekundu.
Miaka mingapi nimetembea hivi mjini?
Nikacheka. Halafu hakikuwa kicheko tena,
na karatasi zile laini zikapata kazi.

“Unaweza usijue kamwe,” alisema, “na bado ukaishi.”
Niliudhika. Nilikuwa nimelipa mia tano nipewe jibu.

Aliuliza kabari iko wapi.
Nyumbani, nikasema, imezuia mlango wa jikoni.
Pale inafanya kazi yake vizuri sana.

Sijapona, mtu asije akanipigia vigelegele.
Jana usiku lori lilipunguza gia barabara kuu,
na nilipojitambua nilikuwa nimesimama katikati ya chumba,
meno yamefungana.
Nekoye hakuwasha taa. Hakuuliza.
“Taja vitano,” alisema. Nimemfundisha.
Gizani sioni kitu, nikamjibu.
“Basi taja unavyovisikia mwilini.”

Moyo.
Jasho la shingo.
Mkono wako.
Harufu ya mafuta ya taa.
Ubaridi wa sementi,

na hapo nikanyamaza, naye akanyamaza,
vidole vyangu vya miguu vikipapasa sakafu
kimoja kimoja.
Sikumbuki nilivivua saa ngapi.