Chupa ya Kundi la Nne

Niliwaambia: leo msiamini ubao.
Ubao hufutwa kila jioni, haukumbuki jana.
Tukatoka Goma, tukapanda hadi machimbo ya Munigi,
watoto thelathini na wanane, rula mikononi,
kamba ya kupimia yenye fundo kila nusu mita,
na Nzanzu, aliyesahau viatu, akirukaruka juu ya changarawe
kama jogoo kwenye bati la saa sita.

Wavunja mawe walituachia ukuta mmoja.
"Someni haraka," alisema Mama Kyakimwa, nyundo begani.
"Kesho huu ni msingi wa nyumba ya mtu."

Tukasoma kuanzia chini,
maana ardhi si daftari:
ukurasa wake wa kwanza ndio uliolaliwa na mengine yote.
Chini, mwamba mzito usio na mwaka anaoujua mtu.
Juu yake udongo, mwekundu kama tofali.
"Nani aliuchoma?"
Kimya. Kisha Baeni:
"Jirani wa juu, Mwalimu. Alifika akiwa moto."
Ndiyo. Lava ya sabini na saba, matundu matupu,
kama mkate ulioumuka kwa haraka.
Kisha jivu, kidole kimoja. Mizizi iliyokufa.
Kisha ya elfu mbili na mbili.
Hapo sauti zilishuka. Hapo kila mtoto ana shangazi.

Darasani tukajenga.
Chupa za maji zilizokatwa shingo,
kokoto, unga wa tofali, mchanga wa ziwani, jivu la jikoni,
sentimita moja kwa kila mita, si zaidi,
ingawa kila mmoja alitaka kujiongezea mlima.
Chupa saba dirishani.
Sita zilifanana kama watoto wa tumbo moja.
Ya kundi la nne ilipungukiwa.

"Wameruka tabaka!" Kicheko.
Nilishika kalamu nyekundu. Nakiri, niliishika.
Kavugho, mpimaji wao, hakulia, hakubisha sana:
"Kwetu kwenye kona kuko mbili tu.
Nilihesabu na mkono."

Jumamosi nilirudi peke yangu.
Ukuta ulikuwa umeliwa nusu, kona bado ipo.
Nikaifuata lava ya sabini na saba kwa kidole,
toka alama ya chaki ya kundi la kwanza:
unene wa goti,
kiganja,
kitabu,
sahani,
ukucha,
haipo.
Na pale isipokuwepo, udongo haukuiva.
Umebaki kahawia, rangi ya shamba,
umegusana na jivu bila mtu wa katikati.
Palikuwa na kilima hapo, kidogo tu, mgongo wa ng'ombe,
na moto ukapita pembeni.

Jumatatu nilisema mbele ya wote: nilitaka kukosea.
Mahali palipokosa tabaka, napo pameandikwa.
Fomu ya mkaguzi haina kisanduku cha neno hilo,
nikaliandika ukingoni, kwa herufi za sisimizi.
Kavugho akanyoosha mkono:
"Waliokaa juu ya kilima kile, walijua?"
Nikatazama chaki yangu.
Sijui, nilisema, na wachache wakaandika hata hilo:
sijui, nukta.

Usiku wa Jumanne ardhi ilitikisika
kama ilivyo desturi yake kwetu, mara mbili,
mara ya pili sufuria zikajibizana.
Asubuhi nilifungua darasa kwa woga.
Chupa saba, hakuna iliyoanguka,
lakini jivu limezama ndani ya mchanga
na mistari yote imeinama kidogo, upande wa ziwa.

Nikatafuta la kusema.
Nyuma yangu, thelathini na wanane
walikuwa wameshatoa rula.