Sumaku Ndani ya Soksi

Nesta, kabla hujalisifu, gusa boneti.
Ikiwa ya moto, mwenyewe ameamka kabla yetu
akamfundisha mgonjwa kuficha kikohozi cha asubuhi.
Tutangoja lipoe. Chai tutakunywa.
Mvua ya Brecon haina haraka, nasi hatuna.

Rangi iache. Rangi ni salamu tu,
na nyekundu ina maneno mengi.
Anza chini, kwenye aibu.
Sumaku hii hapa, nimeivika soksi ya marehemu shangazi yako
isije ikakwaruza.
Ipitishe kwenye kizingiti, nyuma ya gurudumu, chini ya taa.
Penye bati itang'ang'ania
kama mtoto siku ya kwanza ya shule.
Pasipo bati itaanguka.
Iokote, unyamaze,
umtazame Havard usoni, si gari.

Unyanyue mlango kwa mpini wake.
Ukichezacheza, bawaba zimechoka; hilo dogo.
Ukitaka kusukumwa kwa nyonga ndipo ufunge,
gari limepinda mgongo,
na mgongo hatuna pesa ya kuunyoosha.

Inua zulia, unuse.
Harufu ya uyoga ni sakafu iliyolala na maji.
Fungua kifuniko cha oili: ukikuta povu jeupe,
maji yameingia yasikoalikwa.
Spoku zigonge kwa kalamu, moja moja;
nzima italia,
iliyolegea itaguna kama mtu aliyeamshwa usingizini.
Soma namba iliyopigwa kwenye chuma, kisha ya kwenye kadi.
Tarakimu moja ikihitilafiana, tunaaga.
Hata kama umeshapenda.
Hasa kama umeshapenda.

Na umependa. Nilikuona ukilizunguka bila kuligusa,
wewe uliyekesha miaka kumi na mmoja wodini
ukiwageuza wazee wa watu ubavu kwa ubavu,
ukiweka noti kwenye kopo la biskuti
kwa ajili ya viti viwili na upepo.

Haya. Kizingiti cha kushoto.
Imeanguka.

Havard anasema halijaguswa tangu kiwandani.
Anaamini, maskini; naye aliambiwa hivyo.
Gonga kwa kidole: bati husema *ti*,
hili limesema *pu*.
Wahenga walisema mkakasi mzuri ndani una kipande cha mti.
Humu hata mti hamna.
Humu mna gazeti.

Najua, kwa kuwa nililitia mimi.

Pitisha kiganja. Unasikia vijiwimbi vinavyoegemea upande mmoja?
Ni msasa wa mtu mwenye shoto.
Themanini na nne, Aberdare, migodi imegoma,
wanaume wanaota moto wa mapipa getini,
na gereji yetu imekaa wiki tatu bila mteja.
Akaja daktari wa meno na gari hili, kutu hadi magotini.
Alilitaka Ijumaa. Alilipa taslimu.
Bati jipya lilikuwa bei ya mwezi.
Nikakunja gazeti, nikashindilia,
nikapaka puti, nikapiga msasa mpaka saa nane usiku,
nikapuliza rangi.
Jumapili shangazi yako alipika nyama,
hakuuliza imetoka wapi.

Nilidhani litakufa kabla yangu.
Magari yote yale yalikufa.

Sasa nenda kwa Havard. Mwambie kizingiti ni cha uongo,
na cha kulia pia, usihangaike kukipima,
sikuwahi kutenda dhambi upande mmoja.
Akiuliza umejuaje, ninyooshee kidole.
Nitasimama hapa kwenye matope, kofia mkononi.

Injini lakini, Nesta, injini nzuri.
Sikuigusa.

Ukilichukua, niachie mimi kulikata.
Nina mashine ya kuchomelea na mgongo wa kutosha
msimu mmoja wa baridi.
Na lile gazeti usilitupe.
Nililikunja kabla sijafika ukurasa wa pili.