Ukuta Mmoja

Jana, kundini, niliandika:
"Mbuzi wa Mama Nyemo kamaliza mchicha wangu. Tena."
Watu arobaini na mmoja walisoma.
Yeye akajibu "sawa", basi.

Alfajiri, vumbi la Nkuhungu bado limelala,
nasikia hodi.
Ni yeye: mkononi kamba mpya ya katani,
kwapani bakuli la mlenda mkavu.
"Ungenigongea tu. Ukuta wetu mmoja."

Nikaona haya.
Tukakaa mkekani kuchambua mlenda,
tukimteta mbuzi,
hata bomba likakohoa.

Nikashika simu, nikaandika:
"Maji yametoka. Aliye mbali na nyumbani aseme,
tumkingie."

Simu ya Mama Nyemo ikalia palepale,
ndani ya kanga yake.
Akasoma polepole, akacheka:
"Mimi nipo."