Kabla ya Mlango Kufungwa

Mkataba una kurasa mia mbili na nne.
Nimeutandaza mezani kando ya supu iliyopoa,
Winnipeg, Januari, baridi ya kukata masikio,
nami natafuta ndani yake mlango.

Kwetu sisi mshahara huanzia mlangoni.
Si pale ninapoamka saa tisa za usiku,
si pale ninapokwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki,
si pale ninapovua viatu mbele ya mkaguzi
anijuaye kwa jina, lakini viatu lazima.
Mpaka mlango wa ndege ufungwe ndi!
na breki iachiwe,
ndipo saa ya kampuni inapotambua kwamba nipo.

Basi kabla ya hapo ni nani huyu
aliyevaa sketi yangu,
anayeinua begi zito kama deni la mwaka juzi,
anayepatanisha ndugu wawili wanaogombea dirisha?

Jumanne, safari ya Thunder Bay, kiti 14C,
mzee mmoja alipakata kisanduku cha mbao.
Nikamwambia kama nilivyofundishwa:
chini ya kiti, bwana, ama juu kabatini.
Akasema, "Ni Edith."

Nikapiga magoti kwenye ujia.
Nyuma yangu watu ishirini na makoti yao
walishusha pumzi za hasira.
Tukaongea, mimi na yeye, habari za Edith,
alivyochukia ndege, alivyopenda karanga za bure,
mpaka mwenyewe akamweka chini, katikati ya miguu yake,
akavua skafu, akamfunika.

Dakika kumi na moja.
Kwenye hati yangu ya malipo zimeandikwa sifuri.

Sijui kama nataka zile zilipwe.
Najua sitaki ziitwe sifuri.

Alhamisi tulikutana chini ya kanisa la Waukraine,
viti vya kukunja, chai ya birika kubwa.
Darlene Pruden, miaka thelathini na moja angani,
goti moja la chuma,
akatusomea kifungu cha tisa polepole kama anayesoma wosia:
wakati wa kupandisha abiria, nusu ya malipo,
kuanzia mwaka wa pili wa mkataba.

Marivic akanyoosha mkono.
"Nusu ya malipo, sawa. Na begi niliinue nusu?"
Tulicheka hadi chai ikamwagika.

Kisha Tavleen akasimama, miezi minane kazini.
Wanalala sita kwenye chumba cha watu wawili, kwa zamu,
shuka halipoi.
"Nyinyi mna nyumba," akasema. "Mimi hiyo nusu naitaka.
Mgomo haulipi kodi."
Hakuna aliyecheka.
Darlene alikunja karatasi, akaikunjua,
akasema kila mtu ana kura moja, na yeye pia ana moja tu.

Mkurugenzi, nisisahau, alituletea barua ya shukrani
na pizza arobaini.
Ahsante haijazi kibaba.
Pizza zilikuwa baridi. Tulizila.

Leo kura inafungwa saa sita mchana.
Nimesimama mlangoni mwa ndege, simu nimeificha kiganjani,
vidole vimekufa ganzi kwa upepo unaopenya kwenye daraja la abiria.
Imebaki dakika nane.
Nagusa Ndiyo, namwona Tavleen amelala juu ya joto la mwenzake.
Naifuta.
Nagusa Hapana, namwona Tavleen tena,
safari hii ana miaka thelathini na moja kazini
na goti la chuma.

Hata dakika hii ya kuamua silipwi.

Nimetuma Hapana.
Nisamehe, binti.
Nimetia simu mfukoni, nimenyoosha skafu shingoni,
habari za mchana, karibuni, karibuni,
na bwana wa kwanza ananikabidhi begi lake
bila kunitazama.

Zito.